Shemeji Hakuunguza Spika

Mwezi huu naanza kwa kuungama. Nilimsingizia shemeji yangu, mdogo wake Baba Neema, kwamba ameniunguzia spika. Kijana hakubishana. Alisema tu, "Sawa shemeji," akawa anakula chumbani kwake siku tatu. Kumbe mkosaji ni mimi!

Ilikuwa hivi. Nilimnunulia mume wangu spika mbili za nguvu, wati 100 kila moja. Amplifaya ya nyumbani ilikuwa ya wati 20. Nikajiambia, mashine ndogo itaidhuruje spika kubwa? Siku ya Komunyo ya Neema wageni walijaa, muziki ukamezwa na kelele, nikazungusha kitasa mpaka mwisho. Sauti ikaanza kukwaruza. Nani alijali? Tulikuwa tunacheza. Asubuhi spika zikatoa besi tu, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Nikamkuta shemeji pembeni ya redio, basi kesi nikampa yeye.

Fundi alifungua spika, akaniuliza swali moja: "Mama Neema, nani aliongeza sauti mpaka mwisho?" Nikaishiwa maneno.

Akanielewesha. Amplifaya ikidaiwa nguvu isiyo nayo, wimbi la sauti hukatwa kichwa. Wimbi la namna hiyo linaweza kubeba hadi mara mbili ya nguvu iliyoandikwa kwenye mashine, na sehemu ya nyongeza hiyo ni sauti kali zinazokimbilia twita, kile kispika kidogo cha juu. Zile wati 100 ni za spika nzima. Twita yenyewe ina waya mwembamba kama unywele, inavumilia wati chache tu.

Kwa hiyo shoga yangu, kabla hujafungua pochi, angalia haya:

Wati. Soma zile za RMS, achana na PMPO ya maelfu iliyoandikwa kwenye boksi, hiyo ni mapambo. Amplifaya ikilingana na spika, au ikizidi mpaka karibu mara mbili, ni salama ukiwa na kiasi.

Omu. Spika isiwe na omu chache kuliko zinazoruhusiwa nyuma ya amplifaya. Ukiunga spika mbili za omu 8 sambamba kwenye tundu moja, zinakuwa omu 4. Mashine isiyozimudu itachemka.

Desibeli. Spika ya desibeli 90 kwa wati moja inahitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na ya desibeli 87 ili zisikike sawa. Na usidhani wati 40 zina sauti mara mbili ya wati 20. Zinaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo. Sebuleni, kwa maongezi ya kawaida, wati chache zinatosha.

Na muziki ukianza kukwaruza, punguza hapo hapo, hata kama wimbo umekolea.

Twita mpya zimefungwa. Shemeji nilimwomba radhi mezani, mbele ya kaka yake na mwanangu, maana nilimgombeza mbele yao pia. Akacheka, akavuta kiti, akajipakulia. Siku hizi tukiwa na wageni, kitasa anashika yeye.

Tukutane mwezi ujao!