Historia haichoshi, ni vile tulifunzwa

Hebu sema ukweli. Ukisikia neno historia, kitu gani kinakujia kichwani kwanza? Pointi, bila shaka. Sababu tano za hiki, matokeo sita ya kile. Unazikariri usiku wa kuamkia mtihani, unazimwaga kwenye karatasi asubuhi, na kufikia saa nane mchana zimeshatoroka. Simlaumu mwalimu sana, silabasi ni ndefu na KCSE haingoji mtu. Lakini hivyo ndivyo wengi wetu tuliishia kuamini kwamba historia ni orodha ya watu waliokufa.

Mimi nakataa. Na kilichonitoa huko ni mihadhara ya wanahistoria iliyorekodiwa, ambayo imejaa tele YouTube na kwenye podikasti. Chuo niliacha kabla ya kumaliza, karo ni karo, na siku hiyo kadi ya maktaba ikafa. Rekodi hazikuniuliza kadi. Unaweka visikizio, matatu inakwama hapo Roysambu, na profesa anakuongelesha saa nzima kama mjukuu wake. Gharama ni bando tu (ambalo, tukubaliane, ungelimaliza kutazama watu wakipika ugali).

Chukua mfano wa Hola. Kitabuni ni mstari mmoja: Machi 3, 1959, wafungwa 11 waliuawa katika kambi ya Hola, Tana River. Nukta, unasonga mbele. Sasa msikilize mwanahistoria akiieleza. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwanza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Kisha uchunguzi wa maiti ukaonyesha kuwa walipigwa hadi kufa, baada ya kukataa kazi ya kulazimishwa. Ghafla hiyo si tarehe tena. Ni taarifa rasmi ya serikali kuhusu watu waliokufa mikononi mwake, na kijana aliyekuwa barabarani Juni 2024 hahitaji kuelezwa kwa nini inauma.

Halafu utasikia ilivyojulikana, na hapo ndipo utamu ulipo. Wazee wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza kule London, wanahistoria kama David Anderson na Caroline Elkins walikuwa mashahidi wao wa kitaalamu. Kesi hiyo ndiyo iliyofichua, mwaka wa 2011, kwamba maelfu ya faili kutoka makoloni 37 yalikuwa yamefungiwa mahali panapoitwa Hanslope Park, baada ya kusafirishwa kimyakimya wakati wa uhuru. Mengine yalichomwa. Mwaka wa 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee zaidi ya 5,000. Kitabu chako cha Kidato cha Tatu kilikwambia hayo?

Na usidhani wataalamu hao wanaimba wimbo mmoja. Kuhusu idadi ya waliokufa enzi za Mau Mau, wamevutana kwa miaka. Elkins alipotoa makadirio yake, wenzake kadhaa walimpinga vikali. Ukisikia ubishi huo kwa sauti zao ndipo unaelewa kwamba historia ni watu wazima wakigombana juu ya ushahidi. Kitabu cha shule huficha ugomvi huo wote na kukupa jibu peke yake, ndiyo maana unasinzia.

Kuna jambo lingine ambalo rekodi inalifanya. Mwaka wa 1963, msomi mkubwa wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitoa mihadhara iliyopeperushwa na BBC, akidai kwamba Afrika ilikuwa na historia ya Wazungu waliokuja huku tu, mengine yote giza. Miaka hiyohiyo Bethwell Ogot wetu alikuwa akikusanya simulizi za wazee huko Nyanza. Mwaka wa 1967 akatoa kitabu kuhusu historia ya Waluo wa Kusini kuanzia 1500, karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kufika Kisumu na kalamu. Ushahidi wake ulikuwa nini? Midomo ya wazee. Ogot alifariki Januari 2025, akiwa na miaka 95. Kile alichokisema mbele ya kamera bado tunacho. Kile alichosimulia kwenye chumba cha mhadhara bila mtu kuwasha simu kimekwenda naye.

Kwa hivyo vyuo vikuu vyetu vijitetee. Mihadhara ya wazi hufanyika kila muhula, na mingi inaishia kwa watu arobaini na chai. Rekodini! Simu ya kawaida na maikrofoni ya nguo inatosha. Na tafadhali, Kiswahili. Mihadhara mizuri karibu yote ni ya Kiingereza, kana kwamba bibi aliyepitia kambi yenyewe hana haja ya kusikia profesa anasema nini kumhusu.

Wewe nawe kuwa mwangalifu na zile video za dakika moja. Kijana ana muziki wa kutisha nyuma yake, anakwambia siri ya piramidi au ya wafalme wetu, hataji chanzo hata kimoja, na hana shaka na lolote. Mwanahistoria wa kweli utamsikia mara kwa mara akisema "hapa hatuna uhakika".

Unaanzia wapi? Anza na Ali Mazrui, mwana wa Mombasa. Najua, alikuwa msomi wa siasa, lakini mihadhara yake ya Reith ya 1979 kuhusu hali ya Afrika ni mitano na mmoja, jumla sita, na BBC imeihifadhi. Sikiliza mmoja kwanza.

Kisha ukienda ushago Desemba, mrekodi mzee wako. Muulize jina la mahali, nani alikuwepo, mvua ilikuwa imenyesha au la. Akianza na majina ya babu zake kumi, mmoja baada ya mwingine, usimkate wala usiangalie saa. Ogot alihesabu vizazi hivyohivyo kupata miaka.