Daftari la Wiki: Mizizi Inayolala

Mpwa wangu anayeishi Uingereza ananiuliza kama peoni zitashika hapa Wanale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Uganda. Anakumbuka ukungu wetu wa asubuhi na wazee waliojitanda mablanketi hadi saa tatu, akadhani baridi hiyo yatosha. Haitoshi. Peoni hutaka majuma kadhaa ya baridi iliyo chini ya nyuzi 5 ndipo macho yake yaliyolala ardhini yaweze kuamka na kutoa maua. Huku juu, zaidi ya mita 2,000, usiku tunatetemeka kweli, lakini jua la saa nne hufuta yote. Mbale mjini, chini ya majabali, ndiyo kabisa. Jinja kando ya ziwa, usiseme. Mmea utatoa majani kidogo, kisha utadhoofika kwa kukosa usingizi.

Alichoniandikia kuhusu kuzihamisha, hata hivyo, nimekipokea kwa mikono miwili. Kule kwao watu husubiri majani yaanze kunyauka, Septemba au Oktoba, wakachimbua shina na kuligawa kwa kisu kikali, kila kipande kibaki na macho matatu hadi matano. Hukifukia sentimita 5 tu. Ukikizamisha zaidi utapata majani mwaka baada ya mwaka, ua usilione. Kisha ni kungoja, pengine miaka mitatu. Peoni iliyotulizwa vizuri huishi muda mrefu kuliko aliyeipanda.

Kwetu, usingizi wa mimea huletwa na ukame. Tazameni lile ua jekundu la mviringo linalochomoza ardhini mvua zikianza, mara nyingi kabla ya majani yake kukunjuka: wataalamu huliita *Scadoxus multiflorus*. Kichwa kimoja kina vijiua vingi vyembamba, hata mia mbili. Lina tunguu chini, na tunguu hilo hupumzika miezi hii ya jua kali. Mwezi huu wa Februari, basi, ndio wakati wa kulihamisha, si Aprili linapochanua na kila mtu kulitamani. Chimbueni kwa mbali, litoke na bonge la udongo wake; lipandeni kivulini, chini ya migomba panafaa sana, shingo ya tunguu ikiwa usawa wa ardhi. Likisusa kuchanua mwaka wa kwanza, msilichimbue tena kulikagua. Liacheni. Nawasihi pia wenye watoto wadogo na mbuzi: tunguu hilo ni sumu, na watu wa sehemu mbalimbali za Afrika wamelitumia kutia sumu mishale na kuvulia samaki. Osheni mikono.

Tena, mlima wetu haukopi tu maua; hukopesha pia. *Kniphofia thomsonii*, lile ua lenye umbo la mwenge, la rangi ya machungwa, linaota penye majimaji juu Elgon na katika milima mingine ya Afrika Mashariki. Jina linamtaja Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti aliyefika kwenye mapango ya Elgon mwaka 1883. Leo hupandwa katika bustani za Uingereza, na huko linastahimili. Nimemwambia mpwa wangu alitafute katika vitalu vya kwao. Sisi tusipande mlimani kuling'oa. Upande wetu wa Elgon ni hifadhi ya taifa tangu 1993, na ua hilo lina haki ya kubaki kwao.

Kahawa sasa, maana Machi imekaribia. Shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 kwenda upande lingekuwa limekwisha chimbwa, udongo wa juu ukachanganywa na samadi iliyooza, ukarudishwa, ukatulia. Mche utolewe kwenye kaveera, yaani mfuko wake wa plastiki, usipandwe nayo. Angalieni mzizi mkuu: ukiwa umejipinda, mche huo utawadanganya kwa ukijani wa mwanzo, kisha mti utaanza kuwa wa manjano wakati mnautegemea kwa karo za watoto. Heri kuukataa pale pale kitaluni.

Na kwenye miteremko, chimbeni mashimo peke yake. Msikwangue shamba zima. Nametsi kule Bududa ilifunikwa na maporomoko ya udongo tarehe 1 Machi 2010, na udongo wetu ni ule ule. Kati ya mstari na mstari wa kahawa acheni nyasi zisimame, na mliokata miti ya kivuli rudisheni mingine mvua hizi hizi.