Kilimia, Kamera na Hofu ya Wazazi

Wapo wazazi, hapa Mbeya na kule Iringa, wanaomkataza kijana kupiga picha za nyota wakidhani ni uchawi. Ndugu zangu, tutenganishe mambo. Kupiga ramli kwa nyota ni haramu. Kuzitazama na kuzipima ni ilimu ya falaki, iliyotusaidia kujua kibla na nyakati za sala. Na picha ya kisicho na roho, jamhuri ya wanazuoni hawaikatazi.

Chukueni Kilimia, ambacho Waarabu hukiita Thurayya na ambacho wazee wetu walikitazama kujua msimu wa kulima. Nyota zake zinapita katika vumbi laini lisilo na nuru yake lenyewe. Huakisi tu nuru ya nyota hizo, likawa na rangi ya buluu. Jicho tupu halilioni. Kamera huliona ikiachwa wazi kwa dakika kadhaa juu ya mtambo unaozunguka kuifuata mbingu, kisha picha nyingi zikajumlishwa kuwa moja. Nuru hiyo ilianza safari yapata miaka 440 iliyopita!

Yahitajika giza: uwanda wa Kitulo, juu ya mita 2,600 hivi, mwezi wa Agosti, saa tisa usiku, katika siku za mwisho za mwezi mwandamo (hesabu ambayo Muislamu hahitaji kufundishwa). Ndiyo saa ya tahajudi pia. Mijini, taa zetu, za misikiti zikiwemo, humwaga mwanga juu pasipo faida. Tuzifunike zimulike chini. Na baba amsindikize mwanawe Kitulo, kwa idhini ya hifadhi, wakichukua msala na makoti mazito, maana Agosti huko umande huganda.