Watoto wanapolazimika kupanda ndege ili wacheze

KILA shule zinapofungwa Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za mtaa wa Kahawa Sukari, eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu: watoto watapelekwa wapi?

Kwa familia ambazo mapato yao yanaruhusu, jibu limekuwa ni Pwani, na usafiri unaozidi kupendelewa ni ndege. Wenye uwezo mkubwa zaidi huvuka mipaka hadi Dubai na Abu Dhabi, kwenye bustani za burudani zenye mabembea ya umeme na mitelezo ya maji.

Hilo si jambo la kulaumiwa. Mzazi aliyetoka jasho mwaka mzima ana haki ya kustarehe na wanawe. Hata hivyo, safari hiyo ikichunguzwa kwa makini inafichua mengi kuhusu gharama ya malezi katika miji inayokua kwa kasi kandokando ya barabara kuu ya Thika.

Zamani ndege ilikuwa ya watalii, mawaziri na wafanyabiashara wakubwa. Wakazi wengi wa mitaa hii walijua njia moja tu ya kufika Mombasa: basi la usiku na mwendo wa kilomita 480 hivi.

Ushindani wa kibiashara ndio uliofungua mlango. Fly540 iliingia angani mwaka wa 2006. Aprili 1, 2014, Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilianza safari zake kwa nauli ya kuanzia Sh2,850 kwenda Mombasa. Wakati huo, bei hiyo haikuwa mbali sana na ya basi la kifahari, na familia za wafanyakazi wa kawaida zikaanza kupiga hesabu upya.

Nauli kama hiyo sasa ni nadra. Bei ya tiketi hubadilika kulingana na siku inaponunuliwa na idadi ya viti vilivyosalia. Wasafiri wanapoongezeka, nauli hupaa, na hakuna kipindi ambapo wasafiri huongezeka kama juma la kufungwa kwa shule na siku zinazotangulia Krismasi.

Hapo ndipo mzazi hubanwa. Mfanyabiashara anaweza kuahirisha safari hadi Jumanne tulivu ya mwezi Mei, lakini mwenye mtoto wa shule hana hiari hiyo. Kalenda ya Wizara ya Elimu humsukuma sokoni siku ile ile ambayo wazazi wengine wote wanasukumwa.

Kikwazo cha pili ni umri. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hupakatwa na mzazi na hutozwa ada ndogo. Akitimiza miaka miwili, huwa abiria kamili mwenye kiti chake, na katika safari nyingi za humu nchini nauli yake hukaribia ile ya mtu mzima.

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, ina utaratibu tofauti. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hasafiri kwa malipo, na wa kati ya miaka mitatu na 11 hulipa nusu. Tangu Januari 1, 2024, nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ni Sh1,500 kwa mtu mzima.

Chukua mfano wa baba, mama na watoto wawili wa miaka minne na saba. Kwa treni, watalipa Sh4,500 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi, jumla Sh9,000. Tuseme tiketi ya ndege msimu wa likizo ni Sh8,000 kwa kila kiti. Familia hiyo hiyo itahitaji Sh64,000. Tofauti ya Sh55,000 inaweza kuwa karo ya muhula mzima katika shule nyingi za kibinafsi za eneo hilo.

Kinachonunuliwa kwa tofauti hiyo, wengi watajibu, ni muda. Ndege hukaa angani kwa takriban saa moja, ilhali treni huchukua saa tano hadi sita. Lakini safari ya familia huanzia mlangoni pa nyumba, muda mrefu kabla ya ndege kuondoka.

Kutoka Kahawa Sukari hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ni takriban kilomita 30, iwe kupitia barabara ya Eastern Bypass au ya Outer Ring. Mwenye watoto hawezi kuthubutu kufika dakika ya mwisho. Kuna foleni ya ukaguzi langoni, ambapo abiria hushuka garini, kisha ukaguzi wa pili ndani, mizigo na kusubiri. Huko Mombasa kuna kungoja mabegi na kutafuta teksi ya kuvuka daraja la Nyali.

Zikijumlishwa, saa hizo hufika tano hivi. Anayetumia treni kutoka Syokimau atatumia labda nane. Kwa hivyo, ndege huokoa saa tatu, si siku nzima kama wengi wanavyodhani.

Aidha, mtoto mdogo hapimi safari kwa saa. Huipima kwa muda aliolazimishwa kutulia. Katika treni anaweza kutembea kwenye ujia na kuwatafuta ndovu katika mbuga ya Tsavo kupitia dirishani. Ndani ya ndege hufungwa mkanda, na chombo kinapoteremka masikio humuuma kwa sababu mirija ya masikio yake bado ni membamba. Mama anayejua hilo humnyonyesha au humpa chupa ndege inapoanza kushuka, kwani kumeza husaidia kufungua masikio. Mkubwa kidogo hupewa kitu cha kutafuna.

Lipo pia jambo zito ambalo mara nyingi husahaulika mabegi yanapofungwa, nalo ni malaria. Kahawa Sukari iko katika nyanda za juu ambako ugonjwa huo ni nadra, ilhali Pwani ni miongoni mwa maeneo yake. Mtoto aliyelelewa Kiambu hana kinga yoyote. Chandarua, dawa ya kufukuza mbu na ushauri wa daktari kabla ya kuondoka ni muhimu kuliko nguo mpya za kuogelea. Na homa yoyote inayozuka majuma kadhaa baada ya kurejea yafaa kupimwa mara moja, bila kudhaniwa kuwa ni mafua ya kawaida.

Baada ya gharama na tahadhari hizo zote, familia hupata nini?

Nyali kuna Wild Waters na mitelezo yake ya maji. Bamburi kuna Haller Park, ambayo ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji kabla ya kazi ya kupanda miti kuanza mwaka wa 1971. Humo ndimo mtoto wa kiboko aliyeitwa Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, alipofanya urafiki na kobe mzee aliyeitwa Mzee. Kisa hicho kilisimuliwa kwa watoto kote duniani.

Lakini mwulize mtoto wa miaka minne kilichomfurahisha zaidi na huenda akataja mchanga. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta huko Bamburi hauna kiingilio. Bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya Oktoba 2019 baada ya kukarabatiwa, ni mahali ambapo familia za Mombasa hukaa jioni zikitazama meli zikiingia bandarini. Ajabu ni kwamba vitu ambavyo watoto hawa wamevukishwa nusu ya nchi kuvifuata ni mchanga, maji na nafasi ya kukimbia.

Wanaosafiri ng'ambo hukumbana na kinaya kama hicho. Umoja wa Milki za Kiarabu umewekeza pakubwa katika biashara hii. Ferrari World ilifunguliwa Abu Dhabi mwaka wa 2010, na Legoland ikafuata Dubai mwaka wa 2016. Mnamo Mei 2025, kampuni ya Disney ilitangaza kuwa itashirikiana na Miral kuanzisha bustani katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi. Kwa kuwa Nairobi na eneo hilo hutenganishwa na mwendo wa saa tano hivi angani, tangazo hilo bila shaka limesikika hadi mitaa ya barabara ya Thika.

Hata hivyo, mabembea makubwa ya bustani hizo huwa na kipimo cha kimo, na mengi huwakataa watoto wafupi. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kusafirishwa maelfu ya kilomita kisha akaambiwa asubiri kando huku kaka yake akiburudika. Wazazi wenye subira hungoja hadi mdogo afikishe umri wa miaka sita au saba, wakati ambapo ataweza kupanda, kustahimili safari na, zaidi ya yote, kuikumbuka.

Yote haya yanarejesha mjadala nyumbani. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Kufikia 2019 walikuwa 490,120, zaidi ya maradufu katika muda wa miaka kumi. Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa Novemba 2012, iliharakisha ukuaji huo. Mashamba ya kahawa yaligeuka kuwa ploti, na ploti nyingi zikageuka kuwa nyumba za ghorofa ambazo uga wake ni maegesho ya magari.

Nyumba zimeongezeka, wakazi wameongezeka, lakini viwanja vya umma vya watoto havikuongezeka kwa kiwango hicho. Kilichojaza pengo ni maduka makubwa kama vile TRM na Garden City, ambako mtoto hucheza kwa muda uliolipiwa.

Kisheria, kucheza si anasa. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto mwaka wa 1990, na kifungu cha 31 cha mkataba huo kinatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Nayo Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti jukumu la bustani na vituo vya burudani.

Kwa ufupi, serikali imeamuru mtoto apumzike, ikakubali kuwa ana haki ya kucheza, na ikasema ni nani anayepaswa kumwandalia mahali. Kinachokosekana ni mahali penyewe.

Hatari ya kupuuza suala hili ilidhihirika Januari 19, 2015, polisi walipowarushia vitoa machozi wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, waliokuwa wakiandamana kupinga kunyakuliwa kwa uwanja wao. Baada ya ghadhabu ya umma, shule ilirejeshewa ardhi hiyo. Miaka 11 kabla ya hapo, ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilikuwa imeeleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria.

Kaunti ya Kiambu haihitaji kujenga Disney. Inahitaji kutambua vipande vya ardhi ya umma vilivyosalia Ruiru na Thika, kuvipatia hatimiliki, kuvizungushia ua na kuweka bembea, mchanga na kivuli. Vyama vya wakazi navyo vina wajibu wa kuhoji kila ramani ya jengo jipya: watoto wa nyumba hizi watachezea wapi?

Safari ya Mombasa haitakosa utamu wake. Mtoto atafurahia kuona mawingu yakiwa chini yake, na familia itarudi na picha na simulizi. Lakini safari hiyo ni ya siku tano, na mwaka una siku 365. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto wa Kahawa Sukari anahitaji uwanja anaoweza kuufikia kwa miguu Jumatano alasiri, na mtoto wa jirani ambaye mzazi wake hawezi kumudu tiketi ya ndege anauhitaji zaidi.