Ulemavu si Sababu ya Kumfukuza Mtu Kazi



Jirani yangu ni mama anayetembea kwa magongo, kwa sababu alipata polio utotoni. Kwa miaka miwili alikuwa na mwajiri hapa kambini, akilipwa kila mwezi. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya watoto na kujaza kadi zao. Ni kazi ya kukaa, na hakuna mzazi aliyewahi kulalamika. Kisha ofisi ikahamishiwa mlimani, akaanza kuchelewa kidogo asubuhi. Siku moja aliitwa, akaambiwa kwa Kiingereza asirudi tena. Hakupewa barua wala nafasi ya kujieleza.

Nilikuwepo, nikanyamaza. Kwenye foleni wengine walisema, "Afadhali, wazima wanaotafuta kazi ni wengi." Ndugu zangu, tulikosea. Kazi haikumshinda mama huyu, ulimshinda mlima. Je, ilikuwa vigumu kumruhusu aanze nusu saa baadaye, au kumwekea meza huku chini?

Tuko Uganda, na nchi hii ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kufanya kazi vibaya, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Lazima pia amsikilize, akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Na mkataba wa mdomo nao ni mkataba.

Kwa hiyo jambo hili likikupata:

- Usitie sahihi karatasi usiyoielewa.
- Andika tarehe na maneno uliyoambiwa.
- Tafuta mtu aliyeona au aliyesikia.
- Kama umefanya kazi mfululizo majuma 13 au zaidi, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa wilaya kabla ya miezi 3 kupita tangu siku uliyofukuzwa.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Wengi wetu tulifika hapa na majeraha ya vita, na kesho magongo yanaweza kuwa yangu au yako. Ukimcheka aliyefukuzwa leo, nani atakutetea wewe?

Mwezi wa pili wa jirani yangu unakaribia kwisha. Jumatatu nitamsindikiza wilayani, nikaseme nilichokiona. Wewe uliyekuwepo siku ile, njoo tufuatane.