Kichwa cha Mrumi kwa dola 35, rupia yangu kwa elfu 60!

Mfukoni kumekauka kama kawaida ya katikati ya mwezi. Wiki hii tuwaache kidogo akina dada na wachumba zao. Nina kasheshe ya Warumi, wale wazee wa Julius Caesar, na vitu vyao vya kale vinavyopigwa mnada Ulaya kwa mapesa ambayo hata kuyaandika mkono unatetemeka. Mwisho nitakuambia kwa nini habari hii imenikaa rohoni. Mimi mwenyewe nimelizwa, tena si kidogo.

Anza na hii. Agosti 2018, kule Austin, Texas, dada mmoja ambaye kazi yake ni kununua na kuuza vitu vya zamani aliingia duka la mitumba. Ndiyo, mitumba, usidhani Wamarekani hawana. Chini ya meza akaona kichwa cha mtu cha jiwe la marumaru, kina uzito kama kilo 24, shavuni kimebandikwa karatasi ya bei: dola 34.99. Akalipa, akakibeba hadi kwenye gari, akakifunga mkanda wa kiti kama abiria. Picha yake ipo, na kale kakaratasi bado kako shavuni!

Nyumbani akaanza kuuliza wataalamu. Majibu yaliporudi, loh! Kile kichwa ni cha Kirumi kweli, kina umri wa miaka kama elfu mbili. Kiliwahi kukaa Aschaffenburg, Ujerumani, kwenye jumba ambalo Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria alilijenga kwa kuiga nyumba ya mji wa Pompeii. Vita Kuu ya Pili ikapiga mji ule, kichwa kikapotea. Inaaminika askari wa Kimarekani alikitia kwenye mizigo yake akaenda nacho kwao.

Hapo wewe na mimi tungeshaanza kuchagua rangi ya gari. Yule dada naye moyo ulimdunda, lakini furaha yake haikuchukua muda. Kitu kilichoibwa hakiuziki mnadani, maana mwenyewe yupo, na mwenyewe ni serikali ya Bavaria. Mapatano yakafanyika, akapewa chochote cha kumshukuru, kichwa kikaonyeshwa kwenye makumbusho ya San Antonio hadi 2023, kisha kikarudi Ujerumani. Hakuwa tajiri. Mwenyewe alikuwa amekizoea hadi akakipa jina la utani, Dennis.

Sasa sikia ya aliyepata. Mei 2010, karibu na kijiji kiitwacho Crosby Garrett, kaskazini mwa Uingereza, kijana wa miaka ishirini na kitu alikuwa akipitisha kile chombo cha kulia kinapogundua chuma chini ya udongo. Wenzetu wale wanaifanya kama starehe ya Jumamosi, wewe unakwenda disko mwenzako anakwenda shambani. Chombo kikalia. Akachimba, akatoa vipande 67 vya shaba, vikubwa na vidogo. Vilipounganishwa ikatokea kofia ya mpanda farasi wa Kirumi, yenye sura nzima ya kijana mtanashati, nywele za mawimbi, na juu amekaa mnyama mwenye mabawa. Kofia yenyewe haikuwa ya vita. Warumi waliivaa kwenye maonyesho ya farasi. Mambo ya ubishoo tu!

Christie's ya London wakaikadiria pauni 200,000 hadi 300,000. Makumbusho ya Tullie House ya mji wa jirani, Carlisle, wakaitaka ibaki kwao, wakapitisha bakuli kwa wananchi na mifuko ya urithi hadi wakaweza kufika pauni milioni 1.7. Si haba, eti? Oktoba 7, 2010 mnada ukafunguliwa, na ile milioni 1.7 ikapitwa kama basi linavyompita abiria wa mwanafunzi. Nyundo ikagonga kwenye milioni mbili. Ukiongeza ada ambayo mnunuzi anailipa nyumba ya mnada, jumla ikawa pauni 2,281,250. Aliyeinunua hakutaja jina hadi leo. Watu wa Carlisle waliiona baadaye kwa kuazimwa tu.

Utauliza, serikali ya Uingereza ilikuwa wapi? Sheria yao ya hazina ya 1996 iliangalia zaidi dhahabu na fedha, au vitu vilivyozikwa pamoja. Kofia moja ya shaba peke yake ikapenya tundu la sindano. Ilichukua hadi Julai 2023 ndipo wakaongeza kipengele cha kukamata vitu vya aina hiyo vyenye umuhimu wa pekee, na yule kijana na mwenye shamba walikuwa wameshagawana zamani. Ungefanya hivyo Italia ungeozea ndani. Kule tangu 1909 kilichofukiwa ardhini ni cha serikali.

Hapa naomba nikutoe tongotongo. Si kila cha Kirumi ni mali. Sarafu za shaba za Warumi, hasa za enzi za akina Konstantino, zipo tele kama mchanga kwa sababu zilitengenezwa kwa mamilioni, na nyingine unazipata kwa dola chache tu. Uzee peke yake hauna bei. Wanachonunua watu ni uchache wake, uzuri wake, na zaidi ya yote karatasi: nani alikuwa nacho, akakinunua wapi, mwaka gani. Nyumba kubwa za minada zinapenda ushahidi kwamba kitu kilishatoka kwao kabla ya 1970, mwaka ambao UNESCO walipitisha mkataba wa kuzuia biashara ya vitu vya kale vya magendo. Huna karatasi, hata ukija na kiatu cha Caesar mwenyewe utaambiwa subiri nje.

Na pale penye karatasi ndipo mjini napo pameingia! Wale tuliosoma Juliasi Kaizari, ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, tunamkumbuka Brutus na jambia lake. Basi Brutus baada ya kumuua Caesar alitoa sarafu ya kujisifia, upande mmoja sura yake, upande wa pili majambia mawili na kofia ya mtumwa aliyeachwa huru. Za dhahabu zinazojulikana duniani ni tatu tu. Oktoba 2020 moja iliuzwa London kwa pauni milioni 3.24, sarafu ya kutosha kwenye kiganja cha mtoto. Bwana wee, kumbe zile karatasi za kuonyesha ilikotoka zilikuwa za kugushi. Januari 2023 mwenye kampuni ya mnada akatiwa pingu New York, Machi sarafu ikakabidhiwa Ugiriki, na kabla mwaka haujaisha jamaa akakiri makosa mahakamani. Msomi, suti, ofisi London, na bado ni tapeli kama wale wa stendi.

Ndiyo maana nasema imenikaa rohoni. Mwaka jana bibi yangu alinipa shilingi elfu 60 nimnunulie bati, paa la jikoni lilikuwa linavuja. Njiani nikapita kijiweni. Pale alikuwepo kaka mmoja mpole, kanzu safi, anaongea kwa sauti ya chini. Akafungua kitambaa, ndani rupia ya Mjerumani, ina picha ya mfalme amevaa kofia yenye tai juu. Akasema kuna mzungu hotelini anazitafuta, anatoa milioni kadhaa, ila yeye ana mgonjwa hospitali, ana haraka. Mimi niliyemaliza kidato cha nne na C ya historia nikajiona Christie's nzima! Nikatoa elfu 60 zote. Karatasi sikuuliza, ningeijulia wapi?

Hotelini hapakuwa na mzungu. Sonara niliyemwendea aliikwaruza kidogo kwa msumari, rangi ya fedha ikatoka, chini kukawa kwekundu. Akanirudishia bila kusema neno, akaendelea na kazi yake.

Nilikaa siku tatu bila kwenda kwa bibi. Siku ya nne mvua ikanyesha, dhamiri ikanisuta, nikaenda, nikapiga magoti nikasema yote. Bibi akaichukua rupia yangu, akaigeuza, akaguna. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa kisarafu cheusi chenye tundu katikati. Akasema ni heller ya Mjerumani ya kweli, mama yake aliivaa shingoni kwa uzi alipokuwa mtoto, akamvalisha na yeye. Akanitajia na kijiji, na shangazi aliyeitoboa uzi wa kwanza.

Nikajikuta nauliza, "Bibi, hii unaweza kuiuza shilingi ngapi?"

Akaifunga tena kwenye pindo. "Wewe mjukuu wangu, kwanza niletee bati langu."

Nimeshapeleka elfu 25. Zilizobaki namngojea mhariri.