Kovu la Mkononi, Simu ya Mkononi

Kwenye sherehe zetu hapa Ohio wazee wana mchezo wao: kunja shati tukujue. Mwenye kovu kwenye kigasha cha kushoto ni Mkenya. Mwenye kovu mkono wa kulia, karibu na bega, ni Mtanzania. Wakongomani husema huo ni ubishi wa wasio na kazi. Lakini kovu ni lile lile la chanjo ya kifua kikuu, tuliyochomwa tukiwa wachanga, na hakuna kati yetu anayemkumbuka nesi aliyetuchoma.

Nimelitaja kovu hilo kwa sababu ya fedha. Tangu mwaka 2000 shirika la Gavi limekuwa likizisaidia nchi maskini kununua chanjo za watoto: ile ya tano kwa moja yenye kinga ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, zile za surua, nimonia na kuhara, na siku hizi ya malaria, ambayo Kenya iliizindua Homa Bay mwaka 2019. Marekani ilikuwa ikibeba kama asilimia 13 ya bajeti hiyo. Juni 2025, wafadhili walipokutana Brussels, Waziri wa Afya Robert F. Kennedy Jr. aliwatumia video: nchi hii haitoi kitu mpaka Gavi irudishe imani ya umma. Shirika lilihitaji dola bilioni 11.9 za miaka mitano. Likaondoka na ahadi za zaidi ya bilioni 9.

Wengi wetu tulidhani yamekwisha. Hayajaisha, kwa sababu waziri ana kauli yake lakini funguo za hazina ziko Congress, na bajeti hujadiliwa upya kila mwaka. Kila mkazi wa hapa ana mwakilishi mmoja na maseneta wawili. Namba ya kuwafikia wote ni 202-224-3121.

Najua kinachotuzuia. Kwetu mbunge hapigiwi simu ya maoni. Anafuatwa kwa kadi ya harambee au karo ya mtoto, naye akikuona kwa mbali anapapasa mfuko. Mimi mara ya kwanza nilikata simu ilipopokelewa. Mara ya pili nikaanza na habari za kazi, habari za nyumbani, kijana wa upande wa pili akabaki kimya, labda akidhani namuuzia bima. Kisha akaniuliza jina na namba ya posta, nikasema naomba Gavi itengewe fedha, akaandika. Dakika mbili. Hakuniuliza makaratasi, na lafudhi yangu haikumshughulisha. Mwenye wasiwasi na makaratasi yake simlazimishi; ana yake ya kutosha. Mwenye aibu tu apige usiku, aache ujumbe wa sauti.

Hoja nzito niliisikia kwenye kahawa: kwa nini tuombe huku wakati waheshimiwa wa kule wanabadilisha magari? Nusu yake naikubali. Mwaka 2025 kina mama nchini Kenya walirudishwa nyumbani kutoka kliniki bila chanjo ya kifua kikuu wala ya polio, na hilo huwezi kulisukumia Washington. Ila Gavi haigawi sadaka. Hata nchi maskini kabisa hulipa kama senti 20 kwa dozi, na kipato kikipanda na mchango unapanda, mpaka nchi ijitegemee. Indonesia ilikuwa ikisaidiwa. Leo ni mchangiaji. Kwa hiyo anayeuliza swali lile apige simu mbili, ya pili aipeleke Nairobi au Dodoma. Nauli ya WhatsApp ni bure.

Kongo ndiko hoja hiyo ya waheshimiwa inakoishiwa nguvu kabisa, maana mtoto hawezi kusubiri mpaka wabadilike. Mlipuko wa surua ulioanza huko 2019 uliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo, ugonjwa ambao sindano yake ipo tangu miaka ya 1960.

Jumamosi ijayo, baada ya chai, tutakaa ukumbini na simu zetu. Ofisi zitakuwa zimefungwa, ndivyo tunavyotaka, kila mtu aache ujumbe wake bila kuharakishwa. Mama mmoja wa Uvira, aliyezika watoto wawili katika juma moja, ameshaikariri namba yake ya posta. Sasa anahangaika na jinsi surua inavyotamkwa kwa Kiingereza.